Mchumba Aliyezaliwa Saluni

Hakuna mtu katika gazeti hili anayejua kuwaacha wasomaji roho mkononi kama mimi. Wiki iliyopita, nimeambiwa, kuna nyumba nzima iliyoshindwa kula mchana kwa kuwaza yaliyompata Msusi. Aliyeniambia ni dada yangu. Nyumba nzima ni yeye na paka, na chakula chenyewe, nilipouliza vizuri, kilikuwa kimeungua. Lakini tuendelee.

Tulimwacha Msusi amesimama nyuma ya kigoda, chanuo mkononi, mdomo wazi. Mbele yake ameketi Shangazi, kichwa kimefumuliwa chote, nywele zimesimama kama zimepata habari mbaya. Na Shangazi ndiyo kwanza alikuwa amesema maneno haya:

"Nisuke. Na mkono ukienda, mdomo nao uende. Nataka kumjua huyo mchumba wako tangu alipotoka tumboni kwa mama yake."

Wewe uliyechelewa kuingia, jibanze hapo ukutani nikueleze kwa ufupi. Msusi hana mchumba. Hana hata wa kumsingizia. Ila Jumapili Shangazi alikuja kumwambia kwamba Muuza Magodoro, mgane mwenye duka na kitambi cha heshima, amempenda. Tena amekipenda zaidi chumba cha mbele, hiki hiki chenye saluni, maana magodoro yake yamekosa pa kulala. Nyumba ni ya ukoo, na mkubwa wa ukoo aliyebaki ni Shangazi. Akisema chumba kiwe stoo, kesho yake ni stoo.

Msusi kwa hofu akasema, "Nina mchumba."

Basi. Maneno mawili tu, na sasa yanadaiwa mengine.

"Inama, shangazi," akasema Msusi.

Hiyo ndiyo silaha ya msusi yeyote. Mteja akiinama hakuoni usoni, hata kwenye kioo. Shangazi akainama. Chanuo likapita katikati ya kichwa, likachora njia.

"Kazi yake nini?" sauti ikatoka mapajani.

Msusi akatazama huku na huku. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka jana, yenye picha ya jengo refu la vioo.

"Fundi."

"Fundi wa nini? Mafundi ni wengi. Wapo hata wa kuharibu."

"Wa lifti."

"Lifti!" Shangazi akainua kichwa. Msusi akakirudisha chini kwa mkono wa upole. "Mji huu una lifti mbili, mwanangu, na moja ni ya kupandishia magunia."

"Ndiyo maana haonekani, shangazi. Yuko kwenye miji mirefu."

Hapo hata mimi ningempigia makofi. Kwa sentensi moja mtu amepata kazi, amepata mshahara, na amepata sababu ya kutoonekana.

Pembeni, chini ya draya, alikuwa ameketi Nesi wa zahanati ya jirani, rafiki wa Msusi tangu walipokuwa wakigombania dawati. Nywele zake zilikuwa mbichi toka asubuhi na hazikuwa na dalili ya kukauka, kwa sababu kila Shangazi alipofungua mdomo Nesi alizima draya na kuinyanyua asipitwe.

"Wazazi wake wako wapi?" akauliza Shangazi.

"Walifariki."

"Wote?"

"Wote."

"Masikini mtoto wa watu! Na ndugu zake?"

Msusi akaona kwamba ndugu wakiachwa hai, Shangazi atawafuata kwa miguu. Ikabidi wasizaliwe kabisa.

"Alikuwa peke yake."

"Kalelewa na nani?"

"Na bibi yake."

"Huyo yuko hai?"

Msusi akasita. Kuwaua wazazi alikwishawaua, lakini bibi kizee alimwonea huruma. Jambo jema sana, na wengine wajifunze.

"Yuko hai. Ila hasikii."

"Sauti yangu unaijua. Atasikia."

"Na haoni, shangazi."

"Nitamshika mkono."

"Na amesafiri."

Shangazi akahesabu kwa vidole. "Hasikii, haoni, na amesafiri."

"Alipelekwa."

"Wapi?"

"Kwa matibabu."

"Ya macho au ya masikio?"

"Wataanza na macho."

"Mungu amjalie," akasema Shangazi. Kwa jinsi alivyosema, hukuweza kujua anamwombea nani.

Mstari wa kwanza ukaisha. Msusi akaufunga, akaanza wa pili, na moyo wake ukatulia kidogo. Mambo hayakuwa mabaya. Mtu alikuwa na kazi, hakuwa na jamaa, na shahidi pekee alikuwa mbali akitibiwa macho. Laiti wangeachwa wawili wale, hadithi ingeishia hapo nami ningekwenda kulala.

Lakini kulikuwa na Nesi.

Nesi ni mtu wa kusaidia. Ukimwomba chumvi atakuletea na jiko. Alikuwa amekaa pale akiona mchumba anazaliwa bila mapambo, mkavu, kazi na misiba tupu, akashindwa kuvumilia.

"Mbona humwambii shangazi habari ya lile kovu?"

Msusi akamtazama kwa jicho la kumwambia nyamaza. Nesi akalipokea kama jicho la kumwambia endelea.

"Kovu gani?" akauliza Shangazi.

"Juu ya jicho, shangazi. Dogo tu, linampendeza. Alipokuwa mtoto, kuku wa bibi yake alipanda paani akagoma kushuka. Kijana akapanda kumfuata. Kuku akaruka, akatua salama. Yeye akaruka, akatua kwa uso."

"Kuku alipandaje paani?"

"Alikuwa kuku mkaidi."

"Na tangu siku ile," Nesi akaongeza, macho yanang'aa, maana sasa alikuwa amenogewa, "anaogopa mahali pa juu. Mweke darini, anatetemeka."

Shangazi akainua kichwa, na safari hii Msusi hakuwahi kukirudisha. "Fundi lifti anaogopa juu?"

Nesi akashusha draya kichwani, polepole.

Msusi akabaki peke yake na swali. Vidole vyake vikasimama katikati ya mstari. Akawaza. Na jibu lilipokuja halikuja kama uongo. Lilikuja kama kitu alichowahi kuambiwa na mtu, zamani, akakisahau.

"Ndiyo maana alijifunza lifti, shangazi. Ukiwa ndani ya lifti huoni chini. Alitaka watu wanaoogopa kama yeye nao wafike juu."

Saluni ikawa kimya. Hata redio ya kinyozi wa jirani ilinyamaza, ingawa hiyo ilikuwa betri.

"Hilo lina akili," Shangazi akasema taratibu, akainama mwenyewe bila kuambiwa.

Msusi akaendelea kusuka, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemuuliza kitu, naye akasema.

"Hagongi mlango kwa kiganja. Anagonga kwa ukucha, kama anayeomba radhi. Akija jioni hakai kwenye kiti cha wateja, anasema akikikalia atatamani kusukwa. Anakaa pale mlangoni, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ananyoosha waya za draya zilizojikunja. Hawezi kuona waya umejikunja akauacha."

"Chai?"

"Haweki sukari. Anasema kazi yake ni kupanda na kushuka mchana kutwa, hataki na damu yake ifanye hivyo."

Nesi akacheka kwa sauti. Msusi naye akatabasamu, na kwenye kioo akaliona tabasamu lake likamtisha. Lilikuwa tabasamu la mwanamke anayengojewa na mtu. Akatazama ndoo iliyopinduliwa pale mlangoni. Ilikuwa tupu. Ikamuuma kidogo.

Hayo ndiyo mambo ya kumtunga mtu, jamani. Unampa mguu mmoja asimame, kufumba na kufumbua kaingia ndani na viatu.

"Na anakupenda?" akauliza Shangazi. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Ananisikiliza."

"Sikuuliza hilo."

"Lakini ndilo nililojibu."

Shangazi akaguna. Akajikuna penye mstari uliobana, akili ikizunguka kama feni. Kichwa kilikuwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Halafu akapiga paja.

"Ngoja! Fundi lifti. Kalelewa na bibi. Ana kovu juu ya jicho. Mimi namjua huyo!"

Chanuo likaanguka.

Sasa ujiweke mahali pa Msusi. Mtu umemtoa kichwani mwako, hata jasho halijamkauka, halafu shangazi yako anakwambia anamjua. Utasema nini? Ukisema "humjui," atataka sababu. Ukisema "unamjua," atataka salamu.

"Unamjua wapi, shangazi?" Msusi akauliza, akiinama kuokota chanuo, na alikaa huko chini muda mrefu kuliko chanuo lilivyohitaji.

"Kule nilikokuwa nikiishi na marehemu mume wangu. Alipanga nyumba ya nyuma. Kijana mrefu, mpole, hasemi. Kumbe ndiye! Ah, mwanangu. Ah, mama. Afadhali nimeuliza."

"Kwa nini?"

"Kwani hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Habari ya mke wake."

Nesi akaizima draya.

"Mke?" akasema Msusi.

"Na mapacha. Wa kike, wazuri, wamefanana naye hata nyusi. Akaondoka asubuhi akisema anakwenda kutengeneza lifti. Mpaka leo inatengenezwa."

Basi niwaambie kitu ambacho Msusi hatamwambia mtu. Kwa muda wa kushusha pumzi moja, alimkasirikia. Alimkasirikia kweli kweli. Ananinyooshea waya zangu, na ana mapacha! Ananikalia kwenye ndoo, na ana mke! Halafu akakumbuka kwamba mtu mwenyewe hayupo, akajionea haya.

"Labda ni mwingine, shangazi."

"Mwingine? Mafundi lifti wangapi wameanguka paani kwa ajili ya kuku?"

Hapo palikuwa pagumu.

"Sasa sikiliza," Shangazi akasema, na akajigeuza kwenye kigoda, nusu ya kichwa ikisema ni mama wa heshima na nusu nyingine ikisema ametoka kupigana. "Baba yako aliniachia wewe mkononi. Siwezi kumpa mtoto wa kaka yangu mtoro wa mapacha. Muuza Magodoro mke wake tulimzika sote, tunajua alipo. Hana siri yule. Hana hata nywele za kuficha siri. Jumatatu alete magodoro yake, na baada ya hapo tuzungumze habari ya ndoa."

"Jumatatu hii?"

"Kwani kuna nyingine iliyo karibu zaidi?"

Msusi akatazama chumba chake. Kioo alichokibeba kichwani toka sokoni siku ya kwanza, akiwapita watu nao wakijitazama. Rafu ya mafuta na chanuo. Benchi la wateja lililolainika kwa kukaliwa na watu wenye habari. Akaiona hiyo Jumatatu: magodoro yamepangwa mpaka darini, yamefunga dirisha, na yeye mwenyewe amelala juu ya mojawapo karibu na mtu anayekoroma kwa heshima.

Akapiga hesabu ya maneno. Nikikubali kwamba mchumba ana mapacha, chumba kimekwenda. Nikisema mchumba hana mapacha kwa sababu hana hata miguu, chumba kimekwenda, na zaidi ya hayo mimi ni mwongo. Kila upande alioutazama, palikuwa na godoro.

Akafanya afanyalo mtu mwenye busara. Akanyamaza.

Aliyeshindwa kunyamaza ni Nesi.

Ukitaka kumjua Nesi, ujue hivi: mtoto wa watu akisingiziwa wizi sokoni, Nesi ndiye anayeweka kapu chini aanze kutetea, hata kama hamjui. Na huyu alimjua. Kwa kadiri yake, alikuwa amemlea. Draya ikatupwa nyuma, ikagonga ukuta. Akasimama, taulo begani, maji yakimtiririka shingoni, kidole kimenyooka.

"Si kweli, shangazi! Kijana wa watu hana mke! Hana mapacha! Unamsingizia bure! Lile kovu nimempa mimi, hapa hapa, sasa hivi!"

Hakuna aliyesogea.

Nje kinyozi akawasha mashine yake, ikaunguruma, akaizima. Nadhani alitaka naye asikie.

"Umempa wewe?" akauliza Shangazi, kwa upole ule wa daktari wa meno.

Nesi akakikunja kidole chake, akakificha ndani ya taulo. Na hapo ndipo Msusi, ambaye alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa, akafufuka kwa kasi ambayo hata mimi ninayesimulia sikuitegemea.

"Alimshona, shangazi!"

"Alimshona?"

"Si ni nesi? Ndiyo kazi yake. Bila yeye lisingekuwa kovu, lingekuwa kidonda mpaka leo. Ndiyo maana anasema amempa."

Shangazi akamgeukia Nesi. "Alipoanguka kwa ajili ya kuku alikuwa mtoto, umesema. Wewe mwenyewe ulikuwa na umri gani? Ulikuwa unashona watu huku unanyonya?"

"Lilifumuka ukubwani, shangazi," akasema Nesi, sauti nyembamba. "Alijigonga."

"Alijigonga na nini?"

"Na mlango wa lifti."

"Na ulivyosema sasa hivi?"

"Nilimaanisha majuzi. Nikiwa na hasira, majuzi yote naona kama sasa hivi."

Shangazi akawatazama. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Akacheua kidogo, kama mtu aliyeshiba. Halafu, msomaji wangu, uso wake ukalainika, akaanza kutikisa kichwa.

"Basi nimekosea. Yule wa mapacha ni mwingine. Uzee huu! Nisameheni, wanangu. Nimemchafulia kijana jina."

"Hujakosea, shangazi," akasema Msusi. "Ni kufanana tu."

"Na ulivyomsema, mtu wa ndoo na waya, nimempenda. Sikudhani nitampenda."

"Kwa hiyo, Muuza Magodoro…"

"Nitamwambia atafute stoo kwingine. Nitamwambia leo leo, nikitoka hapa."

Nesi akaketi kama aliyekatwa kamba. Msusi akashika fundo la nywele zilizobaki, vidole vikirudi na uhai wake, mstari ukitoka umenyooka kama rula. Chumba kilikuwa chake. Kioo, rafu, benchi, ndoo. Alitaka kuimba. Akaugeuza wimbo kuwa kikohozi.

"Kuna jambo dogo tu," akasema Shangazi.

"Sema, shangazi."

"Wewe Nesi, inuka hapo, lete taulo hilo."

Akalichukua taulo begani kwa Nesi, akainuka kutoka kigodani na nusu kichwa chake, akaenda mpaka kwenye kioo, akakifunika. Akakinyoosha kitambaa vizuri pembeni, kama anayetandika kitanda. Kisha akakivuta kigoda akakiweka katikati ya saluni, kati ya Msusi na Nesi, akamgeuza Msusi mabega akatazama ukuta, akamgeuza Nesi mabega akatazama dirisha. Ndipo akaketi, akakunja mikono.

"Mmoja ni mchumba wake, anamtazama usoni kila jioni. Mwingine kamshona kwa mkono wake. Swali langu jepesi. Sitaki mtu afikiri, sitaki mtu akohoe. Nikisema 'haya,' mnijibu wote kwa pamoja. Hilo kovu liko juu ya jicho gani?"

"Shangazi…"

"Haya!"

"La kulia!" akasema Msusi.

"La kushoto!" akasema Nesi.